Kabati la Mkunga

Mimi ni mwoga, sikatai. Naogopa nge, naogopa mto Tana ukifura, naogopa hata tairi la lori likipasuka barabarani, na anayetaka kunicheka na anicheke. Lakini hofu iliyonikaa kifuani kuliko zote tangu nije kuishi Garissa haikuwa na sumu wala meno. Ilikuwa kigari kidogo cheupe, kirefu kwenda juu kuliko kwenda mbele, na ndani yake bibi mmoja ameketi wima, shungi limenyooka, mikono yote miwili juu ya usukani. Macho ya bibi huyo yalikuwa yanazimika. Na ndiye aliyekuwa akiwabeba wajawazito wa bula letu, yaani mtaa wetu, kuwapeleka hospitali. Nami nilikuwa mjamzito.

Jina lake silitaji, na hata ningelitaja watu wengi wasingejua ni nani. Mjini aliitwa Eedo, shangazi, hata na wanaume wenye mvi kumzidi. Mimi moyoni nilimwita Mkunga, kwa sababu hiyo ndiyo kazi aliyoifanya hospitalini mpaka akastaafu, na hakuacha kuifanya kwa mdomo baada ya hapo. Angepita sokoni, akasikia sauti ya muuza nyama mmoja mwenye ndevu za hina, akasimama katikati ya watu: "Wewe ulitoka miguu kwanza. Ndiyo maana mbaka leo una haraka na mizani." Watu wangevunjika mbavu, na yule bwana mzima angeinamisha kichwa kama mtoto wa chuo cha Kurani.

Kigari chake watu walikiita Kabati. Alikinunua magoti yalipoanza kumsumbua, baada ya kuachana na pikapu kubwa ya marehemu mumewe. Nilimuuliza siku moja kwa nini asichukue gari la heshima, la chini, la kung'aa, kama mabibi wenzake wenye watoto ughaibuni.

"Mwalimu, sikia," akaniambia kwa Kiswahili chake kilichogeuza kila p kuwa b. "Gari ya chini unaingia kama mtu anaingia kaburi. Gari ya juu unabanda kama mtu anabanda ngamia. Hii unaingia na makalio. Unageuka, unakaa, unafuta miguu ndani. Basi!"

Na ndivyo ilivyokuwa. Mlango ulifunguka mpana, kiti kilikuwa usawa wa nyonga, unaketi kama unavyoketi kitandani. Paa lilikuwa juu kiasi kwamba shungi halikuguswa na kilemba hakikuvuliwa. Nyuma, ukilaza kiti, mbuzi husimama kwa miguu yake bila kunung'unika. Mafuta kilikunywa kidogo, kama mgeni mwenye adabu. Wazee wa mji walikuja kukikagua, wakikizunguka, wakijifanya wanapiga tairi teke. Baada ya muda ungeona vigari virefu vya aina hiyo vimepangana nje ya msikiti baada ya alasiri, na wazee wakitoka wanaketi kwanza, kisha wanavuta miguu ndani mmoja mmoja, wakisema bismillahi kwa kila mguu. Magoti ya mji mzima yalikuwa yamepata gari lake.

Lakini sifa aliyoipenda Mkunga kupita zote ni vioo. Kioo cha mbele kilikuwa kikubwa kama dirisha la duka. "Anayekaa juu ndiye anaona mwanzo," alikuwa akisema, na kila akisema alinigusa bega. Nami, mjinga, nikiitikia kweli Eedo, kweli.

Kwa mwanamke mwenye tumbo, gari lile lilikuwa rehema. Bajaji zetu zinakurusha mpaka roho inataka kutokea puani, na gari la hospitali likiitwa hujui linatokea wapi wala lini. Kabati lilikuja mpaka mlangoni. Ndani lilinukia ubani na maziwa ya ngamia, na kitini kulikuwa na shuka safi iliyokunjwa. "Mimi si mkunga tena," alisema. "Mimi ni dereva ya tumbo."

Sasa nieleze jambo la salamu, maana bila hilo hakuna kinachoeleweka.

Huku kwetu kumpita mtu bila salamu ni kumtukana. Si kumpungia tu. Unasimama, unamuuliza habari za nyumba, za mifugo, za mvua, na yeye anakuuliza vilevile, hata kama mmeonana asubuhi. Ukiwa garini unapunguza mwendo na kupiga honi. Wakubwa wakisalimu, mtoto aliyeketi anainuka. Mimi ni mtu wa mtoni, nimezaliwa Masalani, na adabu tunayo. Lakini nilipokuja hapa kufundisha Kiswahili shule ya msingi nilijiona mshenzi kwa muda mrefu.

Mkunga ndiye aliyekuwa bingwa wa salamu. Alinibeba asubuhi nyingi kwenda shuleni, nikiketi mbele kando yake, na hatukupita kichaka bila yeye kuuliza, "Nani yule, tumsalimie?" Namwambia: ni mama muuza mikate ya anjera. Pii, pii! "Assalaam aleykum, abaayo! Mguu ya mtoto imebona?" Nani yule? Ni wazee wa kahawa. Pii, pii! "Wazee, amani?" Nani yule? Na kila abiria wake aliulizwa vivyo hivyo, na kila abiria alijibu kwa furaha, kwa sababu ni fahari kuona mkubwa hataki kumpita hata mmoja. Tulimsifu. Tulisema, tazama adabu ya watu wa zamani.

Halafu ikawa asubuhi moja, karibu na jalala la soko, tumbo langu likiwa limeshaanza kuonekana. Mkunga akapunguza mwendo.

"Nani yule mzee, tumsalimie?"

Nikatazama. Kando ya barabara alisimama korongo. Wale makorongo wakubwa wa hapa Garissa, wenye vipara na mfuko shingoni, wanaotembea jalalani kama wakaguzi wa serikali. Kabla sijafungua mdomo, pii, pii! "Assalaam aleykum, mzee! Nyumbani salama?"

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika tumbo, nikidhani ananitania, maana utani aliujua. Nikamgeukia nione naye anavyocheka. Alikuwa amengoja, uso umeelekea kwa korongo, anasubiri kujibiwa salamu. Kisha akasema kwa sauti ya kuudhika kidogo, "Mzee huyu ana kiburi. Ni wa ukoo gani?"

Yarabi! Asubuhi zile zote, wale watu wote, nani yule, nani yule. Hakuwa anauliza kwa adabu. Alikuwa akiazima macho yetu, na sisi tulimpa bila kujua. Mbele yetu barabara ilikuwa imejaa mikokoteni ya punda na watoto wa shule, naye akaondoa gari, polepole, wima, kama mtu anayeona.

Tangu siku ile sikulala vizuri. Nilikuwa nimeshapoteza mimba, tena si mara moja, na huyu niliyembeba nilimhesabu kila pumzi. Mume wangu naye mwalimu, wakati huo alikuwa amepelekwa Takaba, huko juu Mandera, na simu yake ilishika akipenda mwenye mitambo. Mkunga alikuwa amekwisha kuniambia: "Siku ikifika usiite mtu. Niite mimi. Huyu nitamubeleka mimi, inshallah." Kila aliponiambia hivyo nilisema inshallah, Eedo.

Mtu atauliza, si ungemwambia? Haya, njoo wewe umwambie! Mwambie mwanamke aliyekushika mkono ulipokuwa ukitokwa damu, akakusomea Yasini huku akipiga kelele upewe kitanda, mwambie kwamba haoni. Huku mdogo hamwambii mkubwa aibu yake usoni. Unapitia mbali. Nilijaribu kupitia mbali. Nilimpelekea chai ya tangawizi nikaanza:

"Eedo, siku hizi barabara ina vumbi sana. Hata mimi kijana sioni vizuri."

"Vumbi haijaua mtu."

"Na makambi ya macho yakija hospitali, wanapima bure. Tungekwenda wote, mimi na wewe."

Aliweka kikombe chini taratibu sana. Mwanamke huyu aliwafokea watu maisha yake yote waende kliniki. Alimfukuza mume mmoja kwa bakora kwa kumchelewesha mkewe. Lakini siku hiyo alisema, "Kiliniki naijua. Niliwaambia watu mambo ya kiliniki kabla wewe huzaliwi." Halafu, akiwa amenigeuzia ubavu: "Mwanangu ana duka huko Diff. Kila mwezi ananiambia, mama njoo, nimekutandikia mkeka. Unajua mkeka ni nini, mwalimu? Ni mahali unakaa mbaka unabebwa."

Nikaelewa kwamba anajua, na kwamba anajua kuwa najua. Hatukulitaja tena. Aliendelea kuuliza nani yule, nami nikawa namjibu kabla hajauliza: mkokoteni kushoto, Eedo, tumsalimie, watoto mbele, Eedo, tuwasalimie sana. Nilifika shuleni nimelowa jasho.

Na alikuwa na hofu zake, msidhani hakuwa nazo. Damu haikumtisha, kifo hakikumtisha, askari wa kizuizi aliwaita wajukuu. Lakini aliogopa kugonga. Zamani, wakati macho yake yakiwa mazima, aliwahi kumgusa mbuzi njiani kwenda Masalani. Wenye magari wengi humwacha mbuzi wakakanyaga mafuta. Yeye alishuka, akapita boma kwa boma juani na maiti ya mbuzi garini, mpaka akampata mwenyewe na wakapatana. "Ukigonga ukakimbia," alikuwa akisema, "kile kitu kinakukimbilia nyuma mbaka nyumbani." Hilo alilisema mara nyingi, na siku hizi nikilikumbuka nywele zinanisimama.

Siku yangu ilifika alasiri ya mvua. Mvua ya huku haijui kupiga hodi. Barabara zetu ziligeuka matope na bajaji zikajificha zote. Uchungu ulikuja kwa kasi ambayo sikuitazamia. Nilipiga simu hospitali, nikaambiwa ningoje. Nilipiga Takaba, kimya. Nilikuwa nimejiapiza kwamba sitampigia Mkunga, hata iweje. Lakini kuta za bula ni mabati, na mabati hayafichi kilio. Jirani alimpigia. Nikasikia pii, pii mlangoni kwangu, na kama ningekuwa na nguvu ningekimbia.

"Ingia na makalio," akasema. "Geuka. Kaa. Futa miguu."

Niliingia. Sikuwa na mahali pengine pa kuingia.

Ile safari naikumbuka vipande vipande. Maji kwenye kioo, kifutio kikienda kikirudi. Mimi nikiita, kushoto Eedo, kushoto kuna shimo, na uchungu ukija nanyamaza, na nikinyamaza yeye anapiga honi. Alipiga honi kila kona, kila nyumba, pii, pii, assalaam aleykum, kwa watu ambao sikujua kama wapo. Nilidhani amechanganyikiwa. Karibu na kona yenye bomba la maji, uchungu ukaninyakua tena, nikafumba macho. Gari likagonga kitu. Kilikuwa kishindo kikavu, kisha kitu kikakwaruza ubavuni.

"Nini hiyo?" akauliza. "Mwalimu! Nini hiyo?"

Nikageuza shingo. Kwenye kioo cha nyuma niliona jirikeni ya njano, dumu la kutekea maji, ikibingirika matopeni, nikataka kumwambia, na badala ya neno nikatoa ukelele. Hakusimama. Hiyo ndiyo mara pekee ninayoijua kwamba hakusimama. Tulifika, wakanibeba, na magharibi haijaadhiniwa nilikuwa na binti kifuani, mzima, analia kwa hasira. Jirikeni ilinitoka akilini kama haikuwahi kuwako.

Nilikaa ndani arobaini yangu, nikifukizwa manemane na kulishwa supu. Bula zima lilikuja, ila Mkunga. Nikasema labda anaumwa magoti. Wakaniambia Kabati halijatoka tangu mvua ile, na kwamba mwenyewe hata msikitini kwa darsa haendi. Mwanawe wa Diff alikuwa anatafuta gari la kuja kumchukua. Niseme kweli: nilipata ahueni. Nilisema, alhamdulillah, Mungu amelimaliza bila mimi.

Nilipotoka arobaini nilimfunga mtoto kifuani nikaenda kwake. Kabati lilikuwa uani, limejaa vumbi, kuku amelala juu ya boneti. Mkunga alikuwa ameketi juu ya mkeka, uso umeelekea lango. Alikuwa amekonda. Nilimsalimu, akanijua kwa sauti, lakini nilipomwekea mtoto mapajani alirudisha mikono nyuma kana kwamba nimempa kaa la moto.

"Toa. Toa kwanza. Mikono yangu sijui kama ni safi."

"Eedo, vipi tena?"

Alikaa akilamba midomo iliyokauka. Nilikuwa sijamwona akiogopa kuliongea neno, mwanamke aliyeita kila kiungo cha mwili kwa jina lake mbele ya mashekhe.

"Siku ile," akasema. "Kona ya bomba. Niligonga nini?"

Akaendelea kabla sijajibu, maneno yakimtoka kama mtu anayetapika. Kesho yake alikwenda pale kwa fimbo, akagusa ardhi kwa mikono, lakini mvua ilikuwa imeosha kila kitu. Hakuthubutu kumuuliza mtu, kwa hofu atajibiwa. Tangu hapo kila msikiti ukitangaza jeneza alijongea langoni kusikiliza ni mkubwa au ni mdogo. Wakisema ni mtoto, alikuwa hali siku hiyo. "Nimengoja waje wazee kudai diya, fidia ya damu. Kila siku nimengoja. Mbona hawaji?"

"Ni jirikeni, Eedo," nikasema. "Jirikeni ya maji, ya njano."

"Uliona?"

"Kwa macho yangu."

"Aba."

"Wallahi, Eedo. Ilikuwa jirikeni."

Alitoa pumzi ndefu, nikadhani yamekwisha. Akanyoosha mikono nikampa mtoto, akampapasa paji la uso, pua, masikio, akimsomea taratibu. Nami machozi yakanitoka. Kisha vidole vyake vikasimama.

"Jirikeni," akasema, "haina miguu. Ilikuwa ya nani?"

Niliona jirikeni, lakini kabla ya jirikeni nilikuwa nimefumba macho.

Tulikwenda kwa miguu, jua la saa nne likituchoma, mkono wake juu ya bega langu, mtoto kifuani. Nakwambia, sijawahi kuogopa njia kama nilivyoogopa ile. Hata ule mchana wa mvua ulikuwa afadhali. Kwenye kona ya bomba kuna nyumba moja tu, mlango wake unatazama barabara. Nilipiga hodi kwa sauti ambayo haikuwa yangu.

Akatoka mama kijana, mikono ina unga. Alipoona ni nani yuko nyuma yangu uso ukamchanua.

"Eedo! Karibuni! Siku hizi hupiti, kwani tumekukosea nini?"

Mkunga hakujibu salamu. Yeye! Alisema tu, "Siku ya mvua nilibita hapa. Niligonga jirikeni."

"Aa, ile? Acha hiyo, ilikuwa imetoboka tangu zamani." Akacheka. "Mwanangu alikuwa ameikalia, hapo hapo barabarani, anacheza na maji ya mvua. Ulipopiga honi nikamwambia, wewe hata adabu huna, Eedo anakusalimia na wewe umeketi? Inuka, njoo hapa mlangoni umpungie mkono. Akaja. Jirikeni tu ndiyo iliyobaki." Akaita ndani, na mtoto wa kike mwenye meno ya mbele yaliyong'oka akatoka mbio, akamshika Mkunga mkono akaubusu, kama walivyofunzwa.

Mama yule alitutazama mmoja baada ya mwingine, tabasamu likimpungua, hajui amesema nini. Mkunga aliinama juu ya magoti yake mabovu, akashuka mpaka chini kwenye vumbi, akapapasa kichwa cha mtoto, mabega, mikono yote miwili, akateremka mpaka vidole vya miguu, kama alivyowapapasa wote aliowapokea duniani. Alikagua kila kidole.

Alipoinuka alifungua fundo la pembe ya shungi lake, akatoa ufunguo wa Kabati. Akaninyooshea. Aliunyoosha pembeni mwangu, mahali ambapo sikuwepo, na ikabidi nisogee mimi ili mkono wake unikute.